Dola 18 na nusu: mshahara wa koda wa hospitali nilivyoukuta mimi

Mshahara wangu wa kwanza kama koda ulikuwa dola 18 na senti 50 kwa saa. Naanza na huo kwa sababu kila anayenipigia simu kuniulizia hii kazi anaanza na dola elfu sitini, elfu sabini, unafanyia nyumbani umejifunga kanga yako, watoto wako pembeni, na mimi naelewa kabisa wameitoa wapi hiyo habari maana hata mimi niliisikia hivyo hivyo mwaka 2018 nikiwa nabeba boksi hapa Houston na ndo iliyonitoa hela mfukoni. Hizo elfu sabini zipo jamani, sisemi hazipo, leo nazipata. Ila njia ya kuzifikia sio ile tuliyosimuliwa.

Kwa wasioijua kazi yenyewe ngoja niielezee kidogo. Ukitibiwa Marekani, daktari anakuona, anaandika maelezo yake, halafu kuna mtu mwingine ambaye hutakaa umuone maishani anayasoma yale maelezo mstari kwa mstari na kuyageuza kuwa namba. Huyo ndo koda, na kazi yake ndo kodingi. Ugonjwa una namba yake, kipimo kina namba yake, sindano ina namba yake, na bima inalipa kwa kuangalia hizo namba. Za magonjwa zinatoka kwenye ICD-10-CM ambayo Marekani walianza kuitumia tarehe 1 Oktoba 2015, za kazi aliyofanya daktari ziko kwenye CPT ya chama cha madaktari cha Marekani, na kuna kitabu cha tatu cha vifaa na dawa kinaitwa HCPCS. ICD peke yake ina namba kama elfu 70. Kuna hadi ya kung'atwa na mamba, W58.11, na ya yule mamba wa Florida ni nyingine, W58.01, usichanganye.

Mimi sikuja huku mtupu kwenye hayo mambo. Kabla ya kusafiri nilifanya kazi ya kumbukumbu kwenye kituo cha afya wilaya ya Muheza kule Tanga, na mliofanya kazi za afya nyumbani mnavijua vitabu vya MTUHA, namba 5 ya wagonjwa wa nje, namba 6 ya wajawazito, yale makubwa yenye mistari mingi mpaka rula inakuwa kifaa cha kazi. Mwisho wa mwezi unahesabu vijiti, malaria ngapi, kuhara ngapi, chini ya miaka mitano ngapi. Nilidhani hiyo kazi nimeiacha Muheza, kumbe ndo iliyonilisha baadaye, maana mkono uliozoea kusoma mwandiko wa daktari na kichwa kilichozoea kuuliza "hapa ameandika ugonjwa gani hasa" ndo mtaji mkubwa wa koda. Kule tukiandika malaria imetosha. Huku malaria ambayo mdudu wake hajatajwa ni B54, ikiwa ya falciparum unaenda B50, na daktari asipoandika huruhusiwi kukisia hata kama kichwani unajua kabisa ni ipi.

Sasa hela. Mwaka 2018 nilikuwa CNA, kazi ya kuhudumia wazee, dola 14 kwa saa. Ndogo eeh? Lakini nilikuwa napiga masaa 60 kwa wiki, na yale 20 ya juu ya 40 yanalipwa mara moja na nusu, yaani 21. Kwa hiyo 560 jumlisha 420, dola 980 kwa wiki kabla ya makato. Mgongo unauma, usingizi hakuna, Krismasi uko kazini unambadilisha bibi wa watu nguo, ila 980 ilikuwa inaingia na nyumbani Tanga walikuwa wanaiona.

Basi nikaona tangazo la shule ya kodingi. Shule sitaitaja. Walisema miezi sita, halafu tunakuunganisha na waajiri, wahitimu wetu wanaanza na 25 kwa saa. Ada dola 3,200, nikalipa kidogo kidogo 400 kila mwezi kwa miezi minane. Masomo yenyewe yalikuwa video na maswali, mwalimu tulimpata kwa imeili, na anajibu baada ya siku tatu. Nilipomaliza nikauliza habari za waajiri nikatumiwa orodha ya tovuti za kutafutia kazi, zile zile ambazo mtu yeyote mwenye simu anaziona. Nililia siku hiyo kwenye gari. Baadaye ndo nikajua vyuo vya jamii vya huku vinafundisha kitu hicho hicho kwa bei ya kibinadamu, na wengine wananunua vitabu wanajisomea wenyewe na kufaulu, hasa waliowahi kufanya kazi za hospitali. Kwa hiyo mtu akikuahidi kazi kabla hujasoma muombe akupe hiyo ahadi kwa maandishi, uone.

Kusoma nilisomea kazini. Saa tisa usiku ndo ilikuwa mapumziko yangu, kile chumba cha wafanyakazi kina friji linalonguruma na taa nyeupe inayoumiza macho, naweka vitabu vitatu mezani, vimejaa vibandiko vya rangi pembeni kama mkia wa tausi, bluu ya moyo, kijani ya figo, njano ya mifupa, nasoma dakika 25 halafu kengele ya chumba namba fulani inalia naenda. Mtihani wa CPC, cheti cha koda kinachotolewa na chama cha makoda AAPC, unaruhusiwa kuingia na vitabu vyako na watu wa nje wanadhani basi ni rahisi. Sio rahisi. Enzi zangu, 2019, yalikuwa maswali 150 kwa masaa 5 na dakika 40, siku hizi wamepunguza ni 100 kwa masaa 4, na kufaulu ni asilimia 70. Muda ndo unaoua watu, maana ukiwa unafungua kitabu kwa kila swali hufiki mwisho, inabidi mkono ujue unakwenda ukurasa gani kabla jicho. Mara ya kwanza nilipata 66. Mara ya pili 74. Ukijumlisha ada ya shule, vitabu, uanachama na mtihani mara mbili, mpaka cheti kinafika mkononi nilikuwa nimeshatoa kama dola 4,300, ukiweka na shifti nilizoacha ili nisome ni zaidi.

Halafu cheti kikaja kimeandikwa CPC-A.

Hiyo A watangazaji hawaisemi kabisa. Maana yake wewe bado ni mwanagenzi, umefaulu mtihani lakini kazi hujafanya, na inatoka ukionyesha uzoefu wa miaka miwili, au ukafanya kozi ya masaa 80 inayokubalika ikahesabiwa kama mwaka mmoja, ubaki na mmoja wa kuutafuta. Na waajiri wengi wakiiona hiyo A wanafunga faili. Kila kazi ninayoiona inataka mwenye miaka miwili, sasa miaka miwili naipata wapi kama hamnipi hata siku moja? Nikaaplai kazi sabini na kitu kwa miezi mitano. Nilizoitwa intavyuu ni tatu, na moja katika hizo ilikuwa ya wezi. Walinifanyia intavyuu kwa meseji tupu bila sura ya mtu, wakasema umepata, 32 kwa saa, tutakutumia hundi ununue laptopu kwa muuzaji wetu. Nikamuonyesha mume wangu, akaniambia mke wangu hiyo hundi ukiiweka benki ukamtumia hela huyo muuzaji, baada ya wiki benki itakwambia hundi ni feki na hela uliyotuma ni yako. Nashukuru nilimuonyesha. Nimeshakutana na akina dada wawili waliolizwa hivyo hivyo.

Kazi niliipata kwa mdomo. Kulikuwa na mama mmoja Mnaijeria tuliyekuwa tunapishana shifti, binti yake anafanya kwenye kampuni ndogo ya bili, watu kumi na mbili tu, wanahudumia kliniki za madaktari. Walitaka mtu wa kufuatilia madai yaliyokataliwa na bima, na akiweza asaidie kodingi. Novemba 2019, hiyo 18 na nusu. Masaa 40, ovataimu hakuna. 740 kwa wiki. Yaani nimesoma mwaka mzima, nimetoa elfu nne na zaidi, halafu kipato kimeshuka kwa dola 240 kila wiki, karibu elfu moja kwa mwezi. Mama Tanga akauliza mbona sasa umepunguza, nikakosa jibu la maana.

Kilichonifanya nikubali ni bima. Mwanangu ana pumu, na kazi ya wazee nilikuwa kwa wakala, bima hakuna, kila tukiingia emajensi bili inakuja nyumbani inakaa juu ya friji. Hii kampuni ndogo ilikuwa inatoa bima ya familia kwa makato ninayoyaweza. Ukipiga hesabu ya mshahara wa huku usiangalie ya saa peke yake, uliza bima, uliza likizo yenye malipo, uliza kama wanakulipia uanachama na vitabu, maana ICD inabadilika kila tarehe 1 Oktoba na CPT kila Januari, na cheti kinataka masaa 36 ya masomo kila miaka miwili kisife. Hayo yote ni hela. Mwenye 20 na hayo yote anaweza kumzidi mwenye 24 mtupu.

Na ile kazi ya madai yaliyokataliwa niliyoiona ya chini ndo iliyonifundisha kuliko shule. Kila asubuhi nafungua rundo la yaliyorudi na kila moja limebeba sababu yake. Chukua huyu, mgonjwa amekuja kuangaliwa presha, daktari amemuona vizuri amebadilisha dawa, halafu mgonjwa anasema na goti linaniua, daktari akamchoma sindano ya goti hapo hapo. Kumuona ni 99213, sindano ya goti ni 20610. Bima inalipa sindano inakataa kumuona, inasema kumuona ni sehemu ya sindano. Inabidi ile 99213 uiongezee 25 mwishoni, kuonyesha kwamba kumuona kulikuwa shughuli inayojitegemea, na maelezo ya daktari yawe yanathibitisha. Ukiisahau kliniki inakosa hela. Ukiiweka ovyo kila mahali wakaguzi wanakuja, hela zinarudishwa na faini juu. Nilikaa na hayo mambo miaka miwili na zaidi, nikajua bima gani inakataa nini, daktari gani haandiki mguu wa kulia au wa kushoto, na mwaka 2021 walipobadilisha utaratibu mzima wa kupanga kiwango cha kumuona mgonjwa kliniki mimi ndo nilikuwa nawaelekeza madaktari wetu, mimi wa kitabu namba 5 cha Muheza.

A ikatoka. Nikaenda kwa bosi na karatasi yangu, nikiwa nimeshusha madai yanayokataliwa mpaka mwenyewe alinipongeza mbele ya watu. Akaniongezea senti 50.

Sikumchukia, kampuni ndogo nayo ina mipaka yake, ila nilielewa kitu nikiwa nimesimama pale na bahasha mkononi, kwamba kwenye hii kazi mshahara unapanda ukihama. Machi 2022 nikahamia kundi la madaktari wa moyo, 22 kwa saa. Kazi ile ile, mtu yule yule, herufi moja imepungua kwenye jina la cheti. Tangu hapo kila baada ya mwaka na nusu hivi nacheki soko, hata kama nina raha kazini nacheki.

Iliyofuata ndo iliyonipandisha kweli. Kuna kodingi inaitwa ya hatari, cheti chake CRC. Marekani wazee wengi wana Medicare, bima ya serikali ya wazee, ila inayoendeshwa na kampuni binafsi, na serikali inazilipa hizo kampuni kwa kuangalia wanachama wao wana ugonjwa kiasi gani, mgonjwa sana analipiwa zaidi. Kwa hiyo kila ugonjwa sugu lazima uwe umeandikwa sawasawa na uwe na ushahidi kwenye faili. Nikupe mfano ninaowafundishia wapya. Daktari ameandika: kisukari aina ya pili, presha, figo hatua ya 3b, anatumia metformin. Mgeni anaandika E11.9, kisukari kisicho na madhara, I10, presha, N18.9, ugonjwa wa figo usiotajwa hatua. Kwa macho iko sawa, magonjwa matatu namba tatu. Yote matatu amekosea. Mwongozo unasema kisukari na ugonjwa wa figo vikiwa kwa mtu mmoja unavichukulia vimeungana mpaka daktari aseme havihusiani, na presha na figo vivyo hivyo. Kwa hiyo inakuwa E11.22, halafu I12.9, halafu N18.32 maana hatua ameitaja 3b, na Z79.84 ya vidonge vya sukari. Ile N18.9 kwenye hesabu ya malipo ya Medicare hizo haina uzito wowote, N18.32 inao. Sasa zidisha kwa wagonjwa elfu kumi ndo utaelewa kwa nini koda anayejua hii tofauti halipwi sawa na asiyeijua. Nilisoma miezi minne, safari hii bila shule, kwa mwongozo wenyewe ambao uko bure na kitabu kimoja, nikafaulu mara ya kwanza. 2023 nikaanza kwa 27, nyumbani kwangu kweli, na laptopu waliyoileta wenyewe.

Hiyo ya nyumbani nayo iangalieni. Faili zinahesabiwa. Usahihi chini ya asilimia 95 unaitwa, ukirudia unaandikiwa, ukirudia tena unaondolewa. Kompyuta inajua umeacha kubonyeza kwa dakika ngapi. Mtoto mgongoni haiwezekani, kwanza sheria ya siri za wagonjwa, HIPAA, hairuhusu mtu mwingine aione ile skrini, mimi nina chumba chenye mlango unaofungwa na mwanangu anajua mlango ukifungwa mama hayupo.

Kuna mtego mwingine wa hela uliomuuma rafiki yangu Mkenya wa Dallas. Alikuwa na 25 ya W-2, yaani mwajiriwa wa kawaida, akaitwa na kampuni ya mikataba, 30 kwa saa lakini 1099. Akaniambia sista ni dola tano zaidi! Tukakaa naye na kalamu ila alikuwa ameshasaini. Ukiwa 1099 wewe ni mfanyabiashara, unajilipia mwenyewe upande wako na wa mwajiri wa ile kodi ya pensheni na Medicare, asilimia 15.3 kabla hata hujafika kwenye kodi ya mapato, bima unajinunulia, ukiumwa hulipwi. Na faili zikiisha ndo zimeisha. Desemba alikaa wiki tatu hana faili hata moja, kodi ya nyumba haijali. Wengine wanalipwa kwa faili, dola mbili na kitu, na wanakupa faili za kurasa 200. Sisemi 1099 ni mbaya kwa kila mtu, mwenye mume au mke aliye na bima ya kazini anaweza kuitumia vizuri, lakini 30 ile haikuwa 30.

Mkitaka namba isiyo yangu, idara ya kazi ya Marekani kwenye takwimu za Mei 2024 imeweka mshahara wa katikati wa watu wa kumbukumbu za afya, ambamo makoda wamo, dola 50,250 kwa mwaka, kama 24 kwa saa. Wa katikati maana yake nusu ya watu wako chini yake, hilo neno matangazo yanaliruka. Mimi mwaka wa kwanza nilikuwa 38,480, chini kabisa ya hapo. 22 ni 45,760, bado chini. 27 ndo ikanivusha, 56,160. Na mji nao unahesabika, Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, nina mwenzangu California anapata 31 na nikimwambia nabakiwa na nini baada ya nyumba ananyamaza.

Sasa hivi ni mkaguzi. Nakagua kazi za makoda wengine, 34 kwa saa, elfu sabini na kidogo kwa mwaka. Tangu nilipolipa ile 400 ya kwanza ya ada mpaka hapa ni miaka saba. Wapo waliowahi zaidi, hasa walioingia kodingi ya wagonjwa waliolazwa, ile ya mahospitali makubwa yenye cheti cha CCS cha AHIMA, chama kingine cha watu wa kumbukumbu za afya, hao wanaanza juu kidogo ila mtihani wake ni mlima na hospitali zinapenda mtu aliyezoea.

Naulizwa sana habari ya akili mnemba kuchukua hizi kazi. Mimi naiona kila siku kwa hiyo naongea nilichokiona. Picha za eksirei na faili nyepesi nyepesi mashine inazipitisha, na kabla ya mashine zilikuwa tayari zinaenda India na Ufilipino. Ndo maana nafasi za wenye A zimezidi kubana, ile kazi nyepesi aliyokuwa anajifunzia mgeni ndo ya kwanza kuondoka. Hilo linaniumiza kwa kweli, maana mlango niliopitia mimi unazidi kuwa mwembamba. Mashine ikiona neno kansa kwenye faili inaandika kansa, hata kama daktari aliandika mgonjwa alipona kansa 2011, na hapo anahitajika mtu wa kuirudisha, na huyo mtu analipwa vizuri, lakini hakuzaliwa anajua, alianzia mahali.

Walioko nyumbani mnaoniuliza mnaweza kuifanya mkiwa Dar au Mombasa, mtihani siku hizi unafanyika onlaini mbele ya kamera, hilo linawezekana. Kazi ndo shughuli. Waajiri wengi wa Marekani wanataka uwe ndani ya Marekani, na wanaotoa nje wanapitia makampuni ya huko India na hawakulipi bei hizi ninazozitaja. Walioko Emirati nawaambia tofauti kidogo, Dubai na Abu Dhabi wanatumia hizi hizi ICD-10-CM na CPT kwa madai ya bima, cheti cha CPC kinafahamika na hospitali zinakitafuta, kwa hiyo ukiwa tayari unafanya mapokezi au unesi kule ni njia ya kuiangalia kwa makini. Na nyumbani kwenyewe usidharau idara ya madai ya hospitali, wale wanaojaza fomu za NHIF ya Tanzania zikarudi zimekatwa nusu wanajua nazungumzia nini, ni kazi ile ile ya kusoma faili na kumbana daktari aandike.

Wifi yangu amekuja mwaka jana, yuko kwenye kazi ya wazee kama nilivyokuwa, na mwezi ujao anafanya CPC. Vitabu vyake viko mezani kwangu, vibandiko amechagua pinki vyote, nikamwambia rangi moja haitamsaidia akagoma. Juzi usiku ameniuliza niseme ukweli ataanza na ngapi. Nikamwambia 19, labda 20, na itachukua miezi kupata, shifti za wikiendi asiziache. Akavuta daftari, akaandika 19 mara 40, akatoa kodi ya nyumba, akatoa hela ya mama, akaangalia kilichobaki muda mrefu bila kusema kitu. Halafu akageuza ukurasa akaniuliza, "Wifi, hivi ile I12 na N18, ipi inatangulia?"